Imesaini, Imeridhia au Imekubali? Ahadi za Haki za Binadamu na Namna Zinavyofika Mtwara

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, mkulima wa Newala au Tandahimba hupeleka magunia yake kwenye ghala la chama cha msingi, karani akapima, akaandika uzito na daraja, kisha akamkabidhi mkulima karatasi ambayo huyu ataitunza kuliko kitambulisho chake mpaka siku fedha zitakapoingia benki. Aliyeuza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya chama, hana karatasi hiyo. Alipokea fedha kidogo mapema, na bei ikipanda mnadani hana pa kudai. Aliyeahidiwa kwenye mkutano wa hadhara kwamba bei ya mwaka huu itakuwa nzuri ana kitu cha tatu, ambacho si stakabadhi wala si hasara, bali ni maneno yaliyosikiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mambo haya matatu yalinisaidia siku nilipokaa na wasaidizi wa kisheria huko Newala, na mzee mmoja aliyekuja kwa shauri lake la shamba akaniuliza swali lililonipita kimo: “Redioni kila siku tunasikia Tanzania imesaini hiki, imekubali kile. Hayo makaratasi, mwanangu, mimi nayashika wapi?”

Jibu fupi ni kwamba inategemea ni karatasi ya aina gani, na makala haya yote ni maelezo ya neno hilo “inategemea”. Wanasheria hupenda kuanza kwa kutenganisha ahadi inayofunga kisheria, yaani mkataba, na ahadi ya kisiasa, yaani tamko, azimio au miongozo ambayo wakuu wa nchi huipitisha bila kuifanya mkataba. Tofauti hiyo ni ya kweli na nitaieleza, lakini kwa maoni yangu imepewa uzito mkubwa kuliko inavyostahili, kwa sababu ipo mikataba iliyolala kabatini miaka mingi na yapo matamko yaliyotikisa serikali. Wahenga walituachia kwamba ahadi ni deni. Walichotuachia tukitafute wenyewe ni nani mdai, na anadai mbele ya nani.

Tuanze na karatasi maarufu kuliko zote. Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu lilipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa huko Paris tarehe 10 Desemba 1948, kwa kura 48 za kukubali, bila kura ya kupinga, nchi 8 zikijizuia kupiga kura. Tanganyika haikuwamo ukumbini, kwa kuwa wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini chini ya usimamizi wa Uingereza. Tangazo hilo si mkataba. Lilikuwa ni kauli ya pamoja kuhusu viwango ambavyo mataifa yote yanapaswa kuvifikia. Hata hivyo limeingia katika Katiba yetu ya mwaka 1977, ambayo katika Ibara ya 9 inaitaka serikali kuhakikisha kwamba heshima ya binadamu inahifadhiwa kwa kufuata kanuni za Tangazo hilo. Msomaji akiishia hapo atadhani ameshika stakabadhi. Akirudi nyuma ibara mbili atakuta Ibara ya 7, ambayo inasema kwamba masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Yaani imeandikwa, tena katika sheria mama, lakini hakimu hana ruhusa ya kuisimamia. Haki zinazodaiwa mahakamani ziliingia kwa marekebisho ya mwaka 1984, na hata hizo serikali ilipewa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake kabla ya mahakama kuanza kupokea mashauri mwaka 1988.

Mkataba hupita njia ndefu zaidi, na vyombo vya habari huichanganya njia hiyo mara nyingi. Kusaini ni kutangaza nia: nchi inasema imeyaona maandishi, inayakubali kwa ujumla, na haitafanya jambo la kuyaharibu wakati ikijiandaa. Kuridhia ndiko kunakoifunga nchi mbele ya nchi nyingine, na kwa mikataba inayohitaji kuridhiwa, Ibara ya 63 ya Katiba yetu imelipa Bunge kazi hiyo. Nchi ambayo haikusaini mwanzoni inaweza kuingia moja kwa moja baadaye, na hilo huitwa kujiunga; ndivyo Tanzania ilivyofanya mwaka 1976 kwa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa na mwenzake wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni. Kwa hiyo ukisikia waziri amesaini jambo fulani Geneva au Addis Ababa, usiharakishe kulihesabu. Amefikisha gunia ghalani, halijapimwa.

Hata baada ya kuridhia, safari haijaisha. Tanzania, kama nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Uingereza, huutazama mkataba kuwa ni makubaliano kati ya serikali na serikali, na mwananchi hawezi kwenda Mahakama Kuu pale Mtwara mjini akaushtaki mkataba wenyewe kana kwamba ni sheria ya Bunge. Ni lazima Bunge litunge sheria inayoubeba. Mkataba wa Haki za Mtoto tuliuridhia mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ikatungwa mwaka 2009, baada ya miaka 18, ambao ndio umri uleule ambao mkataba huo unamhesabu mtu kuwa bado ni mtoto. Mtoto aliyezaliwa Masasi mwaka tuliporidhia alikuwa mtu mzima sheria yake ilipofika.

Hapa msomaji anaweza kukata tamaa mapema, na asikate, kwa kuwa mahakama zetu zilikwisha kufungua dirisha la upande. Katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, lililohusu kunyimwa dhamana, Mahakama ya Rufani ilikumbusha mpangilio wa tarehe: Tanzania ilisaini Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu mwaka 1982, ikauridhia Februari 1984, na sura ya haki ikaingia katika Katiba mara baada ya hapo. Mahakama ikasema kwamba kwa mpangilio huo, mkataba huo lazima uzingatiwe katika kuitafsiri sura ya haki. Kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu ikikaa Mwanza ilikuwa imeamua shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, ambapo mwanamke wa Kihaya aliyerithishwa shamba na baba yake aliliuza, ndugu wa ukoo wakapinga kwa hoja kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya hakuishia kwenye Katiba. Alitaja Tangazo la 1948, Mkataba wa Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake na Mkataba wa Afrika, akaeleza kwamba nchi haiwezi kuridhia nyaraka hizo na wakati huohuo ikaendelea kumnyima mwanamke kile inachompa mwanamume. Nilipomsimulia yule mzee hukumu hii alitabasamu, na nilijua kwa nini: kwa Wamakonde, na kwa Wamwera na Wayao pia, jadi ni kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mabishano yake ya shamba yalikuwa na mjomba wake. Mkataba haukutumika kama sheria katika mashauri haya mawili. Ulitumika kama taa ya kusomea sheria iliyokuwapo, na kwa wakili anayejua kuiwasha, tofauti hiyo huwa ndogo kuliko inavyoonekana.

Sasa nifike kwenye ahadi ambayo imetufundisha mengi kuliko zote, kwa sababu tuliishuhudia ikipewa mdai na baadaye mdai huyo akaondolewa mlangoni. Mwaka 1998 nchi za Afrika zilipitisha huko Ouagadougou itifaki ya kuanzisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Itifaki ikaanza kufanya kazi mwaka 2004, Tanzania ikaridhia mwaka 2006, na makao ya mahakama yakawa Arusha. Lakini itifaki hiyo ina mlango wa ndani. Kuridhia peke yake hakumpi mwananchi haki ya kufungua shauri moja kwa moja. Ni mpaka nchi iweke tamko la ziada chini ya Ibara ya 34(6) linaloruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki. Nchi chache tu ziliweka tamko hilo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao mwaka 2010.

Shauri lililoonyesha uzito wa mlango huo ni la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, na inafaa kulifuata hatua kwa hatua. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, Katiba ilimtaka kila mgombea apendekezwe na chama cha siasa. Mtikila akafungua shauri, na Oktoba 1994 Mahakama Kuu ikamkubalia kwamba raia anaweza kugombea bila chama. Mwaka huohuo Bunge likarekebisha Katiba ili kufunga nafasi hiyo. Akarudi tena, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi kwa mara ya pili. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba hilo ni suala la kisiasa la kuamuliwa na Bunge, si na majaji. Nchini njia ilikuwa imekwisha. Akaenda Arusha, sambamba na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikaamua kwamba kumlazimisha raia ajiunge na chama ili agombee kunavunja haki yake ya kushiriki katika uendeshaji wa nchi na uhuru wake wa kujiunga au kutojiunga na chama. Mtikila alifariki dunia Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu, na katika uchaguzi huo hapakuwa na mgombea binafsi. Hukumu hiyo ilitamka wazi kuwa kulikuwa na uvunjaji wa mkataba ambao nchi iliridhia kwa hiari yake, na bado utekelezaji wake ulirudi mikononi mwa Bunge lilelile lililorekebisha Katiba mwaka 1994. Mahakama ya kimataifa haina polisi.

Mashauri mengine yalifuata kutoka magerezani na mitaani. Novemba 2019 mahakama hiyo iliamua, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, kwamba adhabu ya kifo isiyomwachia jaji nafasi ya kupima mazingira inavunja haki ya kuishi. Julai 2020, katika shauri la Jebra Kambole, ikaamua kwamba sharti la Katiba linalozuia matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani linakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Siku chache kabla ya hukumu ya kwanza kati ya hizo mbili Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa notisi, Novemba 2019, ya kuondoa lile tamko la ziada, na kuondolewa huko kukaanza kuwa na nguvu tarehe 22 Novemba 2020. Rwanda ilitangulia kufanya hivyo mwaka 2016, Benin na Côte d'Ivoire zikafuata mwaka 2020. Angalia kilichobaki na kilichoondoka: Tanzania bado ni mwanachama wa itifaki, bado inafungwa na Mkataba wa Afrika, na mahakama bado iko Arusha. Deni halikufutwa hata senti moja. Kilichoondolewa ni haki ya mwananchi kubisha hodi mwenyewe. Arusha hiyohiyo kuna Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo haihitaji tamko la ziada ila inataka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu jambo litokee. Huko, Machi 2019, Baraza la Habari Tanzania na wenzake walishinda shauri dhidi ya vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Kwa mtu wa Nanyumbu, miezi miwili ndiyo muda wa kupata nakala ya hukumu ya mahakama ya wilaya, kama mvua haijaharibu barabara.

Hadi hapa nimezungumzia mikataba. Ahadi za kisiasa ni mnyama mwingine, na mfano wake mkubwa haukutoka Afrika. Tarehe 1 Agosti 1975 viongozi wa nchi 35, karibu zote za Ulaya pamoja na Marekani na Kanada, walikutana Helsinki, Ufini, wakatia saini hati ndefu iliyochanganya mipaka, biashara na haki za binadamu. Kwa makusudi hawakuifanya mkataba. Hati yenyewe inaeleza kwamba haistahili kusajiliwa Umoja wa Mataifa kama mikataba inavyosajiliwa. Muungano wa Kisovieti uliitaka kwa ajili ya mipaka, na sehemu ya haki za binadamu ukaichukua kama mtu anavyochukua mfuko wa plastiki dukani, kwa kuwa umekuja na bidhaa. Mwaka uliofuata kikundi kidogo cha raia wa Moscow kilijitangaza kuwa kitafuatilia utekelezaji wa Helsinki, kikianza kuorodhesha waliofungwa na walionyimwa ruhusa ya kusafiri; Januari 1977 raia wa Chekoslovakia wakatoa waraka wao, uliojulikana kama Charter 77, wakiikumbusha serikali yao maneno iliyoyasaini. Walikamatwa, wakafukuzwa kazi, lakini serikali zao hazikuweza tena kusema kwamba viwango hivyo vimeletwa na maadui. Karatasi isiyofunga kisheria ilikuwa imejipatia wadai. Baadaye, huko Copenhagen mwaka 1990, nchi hizohizo ziliandika kwa undani zaidi uchaguzi huru unapaswa kuwaje, na huko Moscow mwaka 1991 zikakubaliana kwamba haki za binadamu na demokrasia si mambo ya ndani ya nchi peke yake. Hayo yote bado ni ahadi za kisiasa, na serikali haiwezi kushtakiwa mahakamani kwa kuivunja hati ya Copenhagen. Huulizwa mbele ya wenzake, mwaka hadi mwaka, na huo ndio utaratibu wake.

Afrika tunayo ya kwetu. Julai 2000, Salim Ahmed Salim akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakuu wa nchi walipitisha huko Lomé tamko la kukataa mabadiliko ya serikali yasiyofuata katiba. Lilikuwa tamko, si mkataba. Msingi wake ukaingizwa katika sheria ya kuundwa kwa Umoja wa Afrika, na tangu hapo nchi ambayo jeshi limetwaa madaraka husimamishwa uanachama: Madagaska mwaka 2009, Mali mwaka 2012, Guinea mwaka 2021, Niger na Gabon mwaka 2023. Kwa kulinganisha, Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala wa mwaka 2007, ambao ni mkataba kamili wenye vifungu na saini, ulisubiri hadi mwaka 2012 kupata nchi 15 za kuuwezesha kuanza, na Tanzania haikuwa miongoni mwa hizo. Tamko la Lomé lilikuwa na mdai aliye tayari, yaani marais wengine wenye hofu ya majeshi yao wenyewe. Mkataba wa 2007 unawadai marais haohao, na mdaiwa hana haraka.

Jirani zaidi na sisi ni Kanuni na Miongozo ya SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, kuhusu uchaguzi wa kidemokrasia, iliyopitishwa Mauritius mwaka 2004 na kurekebishwa baadaye. Jina lenyewe linasema ni miongozo. Kwa miaka mingi waangalizi wa SADC walisifika kwa kuona amani kila walipokwenda, mpaka Agosti 2023 walipotamka kwamba baadhi ya vipengele vya uchaguzi wa Zimbabwe havikufikia matakwa ya miongozo hiyo. Baada ya uchaguzi wetu wa Oktoba 2025, taarifa yao ya awali ilitumia kipimo hichohicho kwa Tanzania na kufikia hitimisho kama hilo. Hakuna mahakama iliyohusika wala mbunge aliyepiga kura. Lakini nchi iliyoketi mezani ikikubali kipimo, ikapimwa kwacho na majirani zake, haiwezi kusema mizani imetoka Ulaya. Mkulima wa korosho analielewa hili kwa haraka, kwani ugomvi ghalani huanza pale mizani inapoletwa na mnunuzi.

Ahadi za kisiasa zina udhaifu mmoja ambao sipendi kuuficha: kutoka ni rahisi kama kuingia. Mwaka 2011 Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa kuendesha shughuli za serikali kwa uwazi, ikaandaa mipango kazi, na sheria ya haki ya kupata taarifa iliyopitishwa mwaka 2016 ilikuwa miongoni mwa ahadi zake humo. Mwaka 2017 ikajiondoa. Mpango ulikwenda, sheria ikabaki. Mpango mwingine wa hiari, wa uwazi katika mapato ya madini, mafuta na gesi, tuliuingia mwaka 2009, na mwaka 2015 Bunge likautungia sheria, kwa hiyo kampuni kutangaza ilicholipa na serikali kutangaza ilichopokea si suala la hiari tena. Kwa mikoa ya kusini, ambako gesi inatoka Mnazi Bay upande wa Mtwara na Songo Songo upande wa Lindi, nadhani huu ndio waraka wa kimataifa wenye manufaa ya karibu kuliko yote, ingawa sijawahi kuusikia ukitajwa kwenye mkutano wa kijiji. Diwani anayetaka kujua ushuru wa huduma unaoingia halmashauri yake unalingana vipi na mapato ya kampuni ana mahali pa kuanzia.

Upande wa pili wa mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, kuna funzo gumu zaidi. Lindi ilipokea wakimbizi wa Msumbiji huko Rutamba miaka ya 1960, na Nachingwea ikawalea wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Ukarimu huo haukusubiri mkataba. Baadaye Tanzania iliridhia mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao unakataza waziwazi mtu anayekimbia hatari kuzuiwa mpakani au kurudishwa. Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, viliposogea, Kitaya iliyo mkoani Mtwara ikashambuliwa Oktoba 2020 na Watanzania wakauawa, na baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema hadharani kwamba watu waliovuka walikuwa wakirudishwa, likaiomba Tanzania iache. Hofu ya usalama ilikuwa ya kweli na wenye nyumba Kitaya hawahitaji kufundishwa. Mkataba nao ulikuwa wa kweli, na uliandikwa na watu waliojua kwamba wakimbizi huja wakati wa hofu, si wakati wa raha. Aliyerudishwa ng'ambo ya mto hana wakili wala hana kura Tanzania. Ni mdai dhaifu kuliko wote niliowataja, na kwake mkataba ulioridhiwa miaka mingi iliyopita ulikuwa na nguvu ndogo kuliko tamko la Lomé.

Kuna utaratibu mmoja zaidi ambao hufika redioni kila baada ya miaka minne au mitano, wa nchi kukaguana zenyewe katika Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva. Tanzania ilikaguliwa mwaka 2011, 2016 na 2021. Nchi nyingine hutoa mapendekezo, na serikali hujibu kwa kila moja: limekubaliwa, au limezingatiwa. Neno “limezingatiwa” kwa lugha ya kule ni njia ya heshima ya kusema hapana, na mtu anayesoma taarifa hizo asipolijua atafurahi bure. Mapendekezo yaliyokubaliwa ni ahadi ya kisiasa yenye orodha na tarehe ya kurudi kuulizwa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina tawi Lindi, ni mahali pa kuulizia yamefikia wapi, na haitozi ada ya kupokea malalamiko.

Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nakala ya Mkataba wa Afrika. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya Kiswahili, imekunjika pembeni. Aliifungua, akasoma polepole hadi Ibara ya 21, inayosema kwamba watu wote watakuwa na uhuru juu ya utajiri na maliasili yao, akaweka kidole juu ya neno “watu” na kuniuliza ni watu gani hao: wa Mtwara, au Watanzania wote. Ni swali lililokuwa nyuma ya ghasia za gesi za Januari na Mei 2013, zilizogharimu maisha ya watu, na sheria yetu ya mwaka 2017 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili imelijibu kwa upande mmoja kwa kumweka Rais kuwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mahakama ya Afrika ililigusa kwa upande wa pili Mei 2017, katika shauri la jamii ya Ogiek wa msitu wa Mau dhidi ya Kenya, iliposema kwamba “watu” wanaweza pia kuwa jamii moja ndani ya taifa, na ikaona Ibara ya 21 imevunjwa. Lakini Waogiek walifika mahakamani wakipitia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, si kwa kubisha hodi wenyewe, na njia hiyo ya Banjul iko wazi hadi leo kwa yeyote aliyemaliza mahakama za nchini, awe anatoka Kenya au Msimbati. Nilimwandikia mzee anuani ya Tume hiyo nyuma ya jalada.